Mchi Juu ya Boriti

Mwaka waliporudi askari wa vita vya Hitla, mie nilikuwa na miaka tisa, na hapo ndipo taabu yangu ilipoanza. Kabla ya hapo tulikuwa maskini, lakini umaskini si taabu. Taabu ni kusikia kikohozi cha baba yako barazani, ukaanza kutafuta pa kujificha.

Nayaandika haya kwa mkono wangu. Shule sikwenda. Nilikaa chuo cha Kurani nikaishia juzuu ya pili, na kusoma na kuandika nilijifunza nikiwa mtu mzima, kwenye kisomo, mtoto wa nne mgongoni. Anayetaka maneno ya kupambwa akatafute kwingine.

Kilichonirudisha huko ni zulia. Mjukuu wangu aliniletea zulia la mlangoni la usumba, zuri, limeandikwa "Karibu". Mvua ya vuli ikalinyeshea usiku kucha. Asubuhi nafungua mlango, ile harufu ikanipanda puani. Nyie wenzangu mliokulia kandokando ya Mtoni mnaijua harufu hiyo: makumbi ya nazi yamezikwa kwenye tope la mkondo miezi na miezi mpaka yakaoza, yakafukuliwa, yakapigwa kwa gongo hadi yakabaki nyuzi tupu, ndio usumba huo. Inanuka kama yai viza na bahari pamoja. Mjukuu akaniuliza, "Bibi, hulipendi?" Nikamwambia liondoe. Sikumwambia kwa nini. Namwambia sasa, na nyie.

Nyumba yetu ilikuwa ya udongo na makuti, kama zote za Temeke ya wakati ule. Ukumbi katikati, vyumba viwili huku, viwili huku, mlango wa nyuma, halafu uani. Uani kulia palikuwa na jiko la mafiga, katikati kisima, na mwisho kabisa choo cha kuzungushia makuti. Kisima hakikuwa na ukuta. Lilikuwa shimo tu usawa wa ardhi, upana wake kama mlango uliolazwa chini, na maji yako pima tatu huko ndani, kiangazi hayafiki kifuani mwa mtu.

Tuliishi wanne. Mama yangu, mie, mdogo wangu Saidi aliyekuwa bado anatambaa, na Bibi mzaa baba. Baba alikuwa keya, askari wa Mwingereza, alipelekwa Bama kupigana na Wajapani, akaja mara moja kwa likizo akamwacha Mama na mimba ya Saidi, akarudi vitani. Bibi alikuwa amepofuka. Mtoto wa jicho alimwanza jicho moja akaishia yote mawili, lakini mikono yake ilikuwa inaona kuliko macho ya watu wengi. Alisokota kamba. Kutwa amekaa uani kanyoosha miguu, usumba mapajani, kamba inatoka viganjani mwake kama nyoka anayetoka shimoni.

Aliniita mke mwenzangu, kama bibi zetu walivyokuwa wakiita wajukuu wa kike. "Mke mwenzangu," atasema, "mume wetu jana kanijia ndotoni kutoka huko aliko. Kasema unakula kama kuli wa bandarini, na kazi huifanyi."

"Mwambie arudi aje apike yeye," namjibu.

"Arudi? Akikuona ulivyo na miguu ya korongo atakufa tena."

Tulicheka hivyo, mie na yeye, mpaka Mama anatuambia tunyamaze.

Bibi alitembea nyumba nzima peke yake, kwa kamba. Alifunga kamba ya usumba tangu mlango wa chumba chake, ikapita ukumbini ukutani, ikatoka mlango wa nyuma, ikashikwa na nguzo tatu uani hadi chooni. Kila mahali pa hatari alipiga fundo. Fundo moja, kizingiti. Mafundo mawili, jiko liko kuliani kwako. Mafundo matatu, kisima, usiiachie kamba. Mie nilijifunza kuisoma kamba ile nimefumba macho kabla sijajua alifu na be, na mpaka leo nasema ndiyo shule yangu ya kwanza.

Baba akarudi. Alirudi na viatu vya jeshi, blanketi la kijivu, na medali imefungwa kwenye kitambaa. Wiki ya kwanza nyumba ilijaa watu, wanamwita Afande, wanataka kusikia habari za Wajapani. Yeye anakaa kimya. Wiki ya pili watu wakapungua. Wiki ya tatu alimpiga Mama mkanda wa jeshi, ule wenye chuma, kwa sababu alimwamsha kwa kumshika bega. Nilikuwa sijawahi kumsikia Mama analia sauti ile. Nilidhani ni mbuzi wa jirani.

Baada ya hapo haikukatika. Alipata kibarua bandarini, na siku asizopata kibarua alikwenda kunywa tembo la mnazi, na alasiri anarudi. Alipiga kwa chochote mkono wake ulichokutana nacho. Kigoda. Mwiko. Ubao wa kukatia mboga. Siku moja alimpiga Mama na samaki mkavu, na watu barazani wakacheka, na Mama mwenyewe akacheka huku damu inamtoka sikioni. Mie alinipiga kwa kifuniko cha chungu, kovu ninalo hapa juu ya nyusi, mkija nitawaonyesha.

Halafu asubuhi ndiye mtu mwingine. Asubuhi anapiga magoti mbele ya mlango wa Bibi, "Shikamoo, Mama," anamwosha miguu kwa maji ya moto, anamfukulia makumbi huko mkondoni na kuyabeba kichwani hadi nyumbani, maji ya tope yanamtiririka usoni. Hili nalisema kwa sababu ni kweli. Sikujua nimpende saa ngapi na nimwogope saa ngapi, nikawa naangalia jua.

Siku iliyobadilisha mambo, Baba alipiga teke chungu cha uji jikoni. Alikuwa anamkusudia Mama, lakini Saidi alikuwa pale chini anacheza na majivu. Uji ukamwagikia mguu wake wa kushoto kuanzia paja. Ngozi ilitoka na kitambaa. Baba alisimama akaangalia, akatoka akaenda zake, tukamsikia anatapika nje ya ua.

Kesho yake Bibi aliniita chumbani kwake. Mama amemlaza Saidi kwenye jani la mgomba, mguu umepakwa asali. Bibi akasema, "Mke mwenzangu, nyumba hii ina mtoto anayetambaa na kizee asiyeona. Tuitengeneze. Kila kinachoweza kumuumiza mtoto, kiondoke chini."

Nilifurahi. Mnisamehe, lakini nilifurahi. Nilikuwa na miaka tisa na nimepewa kazi ya kutengeneza nyumba. Nilikwenda chumba kwa chumba nikiinua vitu na kumtajia, naye anaamua.

"Panga."

"Kwenye makuti ya choo, ndani kabisa, ulisukume lisionekane."

"Mbuzi ya kukunia nazi." Nyie mnaijua, ina ulimi wa chuma wenye meno.

"Iletwe humu chumbani kwangu. Nitaikalia mwenyewe."

"Chupa ya mafuta ya taa."

"Juu."

"Mchi."

Mchi wetu ulikuwa wa mkongo, mzito, ulimzidi Saidi urefu mara mbili. "Mchi upandishwe juu ya boriti, ufungwe kamba. Ukimaliza kutwanga unarudi juu siku hiyohiyo. Umesikia? Siku hiyohiyo. Utamwangukia mtoto."

Mafiga tuliyagandisha kwa udongo yasing'oke. Vigoda tulivifunga kwenye nguzo kwa kamba fupi, ukitaka kukaa unakaa palepale. Nikamwuliza, "Bibi, kigoda nacho kitamuumizaje mtoto?"

"Kinaangukaga."

"Kigoda kiko chini, kitaanguka kiende wapi?"

"We mtoto umeolewa na mwanasheria?" akasema. "Funga."

Mlango wa chumba chake akataka komeo kwa ndani, na komeo lenyewe liwe chini, usawa wa kifua changu. Nilidhani ni kwa ajili ya mbuzi wa jirani wasiingie. Akanifanyisha mazoezi: napiga mbio kutoka jikoni nimembeba Saidi, naingia, nashusha komeo, na yeye anahesabu kwa sauti. Mwanzo nilichukua hesabu ya kumi na nne. Nikafika saba. Nilidhani ni mchezo, nikajisifu kwa watoto wenzangu kwamba sie kwetu tuna mchezo ambao kwao hakuna.

Kwa ajili ya kisima akamwita Mzee Kondo, seremala wa mtaa wa pili, mtu wa rika lake aliyemwita dada. Akatuletea mbao tatu za makasha ya bandarini, akazilaza juu ya shimo zikakaa kwenye mfereji aliouchimba pembeni.

"Dada, nikupigilie misumari ziwe kitu kimoja?"

"Hapana. Huyu hapa ndiye mchota maji. Ziwe tatu, aweze kuchomoa mojamoja."

"Mbao zangu hazitaoza hizi, dada. Nitakufa mie zitabaki."

"Basi ufe polepole, Kondo, bado nina kazi nyingine."

Kwa kuwa pale juu ya mbao palikuwa pakavu na pameinuka kidogo, Bibi alitandika jamvi lake hapo na kuanika usumba. Kila siku. Sie tulipita pembeni, kandokando ya kamba. Baba hakupita pembeni. Baba akienda chooni alipita katikati na viatu vyake, usumba unaruka huku na huku.

"Mwanangu, unanikanyagia kazi," Bibi analalamika.

"Bama nilikanyaga watu, Mama. Sembuse nyuzi."

Kazi yetu ilifaa. Miezi kadhaa, Baba akirudi amelewa ananyoosha mkono na mkono unarudi mtupu. Anageuka ukumbini kama mtu aliyepoteza kitu. Anavuta kigoda, kigoda kimefungwa. Nakumbuka siku moja alisimama katikati ya ukumbi akapiga kelele, "Hii nyumba au kambi ya wafungwa? Vitu vya watu viko wapi?" Bibi akamjibu kutoka uani, kwa sauti ya upole kabisa, "Mtoto anatambaa, mwanangu. Tumeondoa vya kumuumiza." Baba akampiga Mama ngumi, lakini ngumi ya mlevi si mchi. Saidi akapona, akaanza kushikilia ukuta asimame. Nami nilijivuna nikidhani ni kwa sababu vyombo viko juu.

Sasa nafika kwenye kosa langu. Nimekaa nalo miaka yote hii, na simlaumu mtu.

Ilikuwa siku ya kuamkia Maulidi. Mama alitaka unga wa mchele wa vitumbua. Nilipanda kwenye kinu, nikafungua kamba, nikashusha mchi, tukatwanga tukapokezana mpaka mabega yanawaka. Tulipomaliza, wenzangu wakaniita nje, wanapamba madrasa kwa makuti ya mnazi. Nikauegemeza mchi kwenye ukuta wa ukumbi, nikasema nitaupandisha nikirudi. Nilirudi saa tisa mchana. Nikapita mbele yake, nikauona, nikasema ninywe maji kwanza.

Baba akaingia.

Hakuwa amelewa sana, hilo ndilo linaloniuma. Aliingia chumbani kuvua shati. Saidi alikuwa humo, amefika kwenye mkoba wa turubai wa Baba, ametoa medali, ameitia mdomoni na utepe wake, mate yanamtoka. Nilisikia kofi. Halafu kimya kile cha mtoto kabla hajapata pumzi ya kulia. Mama akaruka kutoka jikoni, akamnyakua Saidi, akarudi nyuma naye mpaka ukumbini, mgongo ukutani.

"Baba Saidi, mtoto huyu, hajui!"

"Atajua leo."

Akanyoosha mkono wake bila kuangalia, kama alivyozoea, na safari hii mkono haukurudi mtupu. Niliona vidole vinaushika mchi. Niliona hata yeye mwenyewe ameshangaa, akauangalia. Halafu akauinua. Mama alimzungusha Saidi nyuma yake na kuinua mkono wa kulia, na mchi ukaupata mkono huo juu ya kiwiko. Mlio wake ni kama wa kuvunja muhogo mbichi. Mie nimewahi kuvunja mihogo mingi maishani, na muhogo siuli.

Nikakimbia uani. Sikumkimbilia Mama, nilikimbia. Bibi alikuwa ameshasimama, mkono kwenye kamba.

"Kashika nini?"

"Mchi."

"Nani aliushusha?"

"Mie."

Hakunigombeza. Uso wake ulikuwa kama ukuta. Ndani pigo la pili likasikika, na hilo liligonga ukuta maana udongo ulimwagika, na Mama anapiga kelele jina la Saidi. Bibi akasema kwa haraka, lakini kwa sauti ya chini, kama anayenituma dukani, "Mke mwenzangu, chomoa mbao za kisima. Zote tatu. Jamvi uliache, usumba wangu usimwagike. Upesi."

Nilielewa. Yaani nilidhani nimeelewa. Nilidhani anataka mbao tuzifanye ngao, kama tulivyokuwa tunacheza vita vya Wajapani na watoto wa mtaani. Nilichutama nikavuta. Ya kwanza ikatoka, ya pili, ya tatu ilinichoma kibanzi kwenye kiganja, nikavuta hivyo hivyo. Jamvi likabaki limetanda, limebonyea kidogo katikati, usumba juu yake. Nikambebea Bibi mbao hizo mikononi nikamwambia, "Hizi hapa, chukua moja." Akazisukuma zikaanguka mchangani. Nikashangaa.

Akanivuta mkono. Tukafuata kamba, yeye mbele. Vidole vyake vikapita mafundo mawili, vikapita mafundo matatu, akaenda hatua nne mbele akageuka, mie nyuma yake, uso ameuelekeza kwenye mlango wa nyuma. Kisima kikawa kati yetu na nyumba. Akavuta pumzi, akamwita mwanawe kwa jina la utotoni, jina ambalo hakuna aliyelitumia tena.

"Mwinyi! We Mwinyi! Unampiga mwenye mtoto mkononi? Njoo huku umpige aliyekuzaa! Au Wajapani walikufundisha kuogopa vikongwe?"

Ndani kukanyamaza.

"Walikukimbiza, sivyo? Ndiyo maana unapiga wanawake! Mwoga we! Nilizaa mwoga!"

Akatoka. Alisimama mlangoni jua linampiga usoni, mchi mikononi, macho yake hayaangalii kitu chochote ila mdomo wa mama yake. Sijawahi kuona uso umejaa chuki na machozi kwa pamoja vile. Akaja mbio, moja kwa moja, katikati, kama anavyopita siku zote.

Sitawaficha: kwenye hatua ya mwisho nilitaka kusema "Baba". Neno lilifika mdomoni. Bibi alikuwa amenibana mkono mpaka kucha zimeingia, na sikusema.

Jamvi halikutoa mlio. Lilikunjika tu likamchukua. Mchi ulipiga ukingo wa kisima ukaruka ukaangukia miguuni petu. Halafu ukatoka kule chini mlio wa mwili unaogonga, na maji, na kimya, halafu akaanza kulia. Analia "Mama". Bibi akaniachia mkono, akakaa chini mchangani, akajifunika uso kwa kanga.

Watu walijaa. Waliomtoa Baba ni Mzee Kondo na wanaume wengine wawili, na kamba waliyomtolea ilikuwa ileile ya Bibi, waliikata kwenye nguzo na kuitumbukiza. Mapaja yote mawili yamevunjika, na nyonga. Mama alikaa mlangoni mkono umening'inia, Saidi mapajani, mzima, uso umevimba upande mmoja.

Mzee Kondo, ameloa mpaka kifuani, akaziona mbao zake. "Dada," akasema, "mbao hizi asubuhi si zilikuwa juu ya kisima?"

"Nilitaka maji. Nikazitoa, nikasahau kurudisha. Mie kipofu, Kondo."

"Na jamvi?"

"Kipofu anajuaje jamvi limelala wapi."

Mzee Kondo akamwangalia. Akaniangalia mie, akaangalia kiganja changu kinachotoka damu. Nilitaka kumwambia ni mie niliyezitoa, nilidhani Bibi amesahau kweli. Mzee Kondo akaziinua mbao, akazirudisha juu ya shimo mojamoja, akazigonga kwa kisigino zikae. "Hazikuoza," akasema, basi. Watu wakasema maskini kizee, macho mabaya. Wengine wakaja kumpa pole.

Baba alikaa hospitali miezi. Alirudishwa kwa mkokoteni, na miguu yake haikufanya kazi tena. Mkono wa Mama uliunga vibaya, umepinda kama tawi, na kwa mkono huohuo alitupikia. Mie nikaingia kwenye kamba. Miaka tisa na nusu, nafukua makumbi mkondoni, nayapiga, nasokota na Bibi, nazunguka kuuza. Nani mwingine? Huyo ndiye aliyenilea, yule mtoto wa miaka tisa na nusu, simdai mtu shukrani.

Siku Baba aliporudi, Bibi alifunga kamba upya. Lakini safari hii aliifunga chini, usawa wa goti.

"Bibi, mbona chini hivyo? Utaishikaje?"

"Nitainama. Kuna mtoto mwingine anatambaa."

Akapiga mafundo yaleyale: moja, mawili, matatu. Na Baba akajifunza kuyasoma, akijiburuta kwa viwiko kwenda chooni. Kila asubuhi, "Shikamoo, Mama," kutoka chini. "Marahaba, mwanangu." Panga likarudi jikoni, vigoda vikafunguliwa, mchi ukasimama popote. Bibi alifariki nikiwa na miaka kumi na tano, na mpaka anafariki hatukuzungumza habari ya mbao.

Niliijua maana yake nikiwa nimeolewa. Mume wangu wa kwanza alinipiga kofi kwa ajili ya kitu cha kipuuzi. Kofi lenyewe halikuniuma. Kilichonitisha ni kwamba, lilipokuwa linanilia sikioni, nilijikuta nahesabu vitu vilivyo chumbani: kigoda, pasi ya mkaa, chupa, mkanda kwenye msumari. Hapo ndipo nilipomwona Bibi. Nikaelewa kwamba hatukuwa tunamwogopea Saidi kuangukiwa na mchi. Vitu havikuwa na hatari. Bibi alikuwa anamnyang'anya mwanawe silaha, mojamoja, miezi ile yote, ili asije yeye akalazimika kuchagua kati ya mwanawe na sie. Na mie kwa mkono wangu nilishusha moja, akachagua. Nikambeba mwanangu nikaondoka kabla ya mtu yule kuamka, na sijawahi kurudi.

Nilipojenga nyumba yangu ya kwanza nilimchukua Baba. Watu walisema nina moyo. Sina moyo, nina nyumba. Nilimfanyia choo cha kukalia wakati mtaa mzima hauna. Mwanzo wa uzee wake alikaa barazani siku moja akapapasa sakafu, akasema, "Nyumba yako haina vizingiti."

"Nimeviondoa."

"Kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili ya wajukuu. Na wewe umo."

Halafu akasema, haangalii huku, "Zile mbao. Ulizitoa wewe?"

"Mie."

"Zilikuwa nzito."

"Zilikuwa nzito."

"Mtoto wa miaka tisa," akasema, na akatikisa kichwa kama anayesifu mzigo uliobebwa vizuri na mtu mwingine. Alikufa kitandani kwangu, ameoshwa, amelishwa. Saidi ndiye aliyeingia kaburini kumpokea.

Leo nina nyumba tatu Temeke, mbili nimepangisha. Nina kiwanja Chamazi chenye minazi kumi na miwili. Nina mashine ya kusaga Kiwalani. Nina vitanda saba, jokofu, na cherehani mbili, moja mbovu. Nina watoto sita, wote wamesoma kunizidi. Nina kisima chenye mfuniko wa chuma, na ufunguo nauvaa shingoni. Nina kamba ya usumba ya pima nne yenye mafundo, haiuzwi. Na nina mchi wa mkongo. Ukimaliza kutwanga, unarudi juu ya boriti siku hiyohiyo. Wakwe zangu wakija wanauangalia huko juu, na wajukuu wananiuliza kwa nini. Nawaambia utamwangukia mtoto.